Kilo Moja na Robo

Sista Abwoli amerudi na basi la usiku,
tuzo ndani ya kitenge, kitenge ndani ya mfuko wa sukari,
asiibiwe, alisema, wala asiulizwe.
Saa kumi na mbili na nusu alikuwa wodini, hapa Fort Portal,
viatu vya sherehe bado miguuni,
akikagua mirija kama mtu aliyetoka dukani tu.

Tulitaka kuiona.
Hata mimi, fundi wa maji, niliyaacha mabomba yangu dakika mbili,
na mimi mabomba siyaachi.

Kioo kizito, umbo la figo.
Jina lake limechongwa, herufi moja imeponyoka:
Nyakaisiki amekuwa Nyakasiki.
“Mbona hili ni harage?” akauliza mwalimu Basaliza
kutoka mashine ya nne,
damu yake imetoka nje ya mwili
kama mwanafunzi aliyetumwa chaki:
atarudi, lakini darasa linamngoja.

Tulicheka mpaka kengele ya mashine ikatukemea.

Kule Kampala, alisimulia, walisoma sifa zake
kwa Kiingereza kirefu, kilichopigwa pasi.
Walitaja utafiti. Daftari hawakulitaja,
daftari la shule, korongo kwenye jalada,
miaka tisa ya kila mgonjwa na uzito wake,
alipoingia, alipotoka,
alikunywa nini, mvua au jua,
alikuja kwa boda, kwa miguu,
au hakuja.

Hakuja.
Ameliandika mara mia tatu na kumi na saba.
Usiku mmoja alikaa akayahesabu, kalamu nyekundu mkononi,
akaenda kuwauliza waliobaki, nyumba kwa nyumba,
akagundua kwamba nauli
imezika watu wengi kuliko figo.
Ndiyo hiyo waliyompa kioo.
Ndiyo iliyotuletea ile gari ya Jumanne na Alhamisi.

Nami nakaa na maji yangu nikifikiri.
Mji huu mvua haibishi hodi,
Mto Mpanga unapita ukijisemea,
na wagonjwa wetu wanapimiwa kikombe:
nusu lita, kutwa, na supu imo humo humo.
Mashine moja, kwa mtu mmoja, kwa kikao kimoja,
inakunywa lita mia na ishirini.
Najua. Ni mimi ninayeyachuja.
Mwalimu huniambia, “Fundi, leo nimeota nakunywa sinia.”

Ni yeye aliyedai tuzo ipimwe.
“Humu ndani kila kinachoingia kinapanda mizani!”
Tukaipandisha.
Kilo moja na robo.

Sista akanyamaza.
Akafungua daftari, si nyuma kwenye kurasa mpya,
mbele kabisa, jina la kwanza: Kabasomi Akiiki,
akafuata mshale wake wa wino kurasa hadi kurasa
mpaka Jumanne iliyopita.
Maji tuliyomtoa: kilo moja na robo.
Chini yake, Alhamisi,
kwa mwandiko wa msaidizi, maana yeye alikuwa Kampala
akijaribiwa maikrofoni:
hakuja.

Gari lilifika mlangoni kwake, dereva anasema.
Lilipiga honi mara mbili.

Hakuna aliyesema harage tena.
Mwalimu aligeuza uso ukutani, mkono wenye sindano ukabaki kwetu.
Sista akachukua kalamu, akaandika mstari wa siku,
nami nikausoma juu ya bega lake:
Tuzo. Kilo moja na robo. Imekuja.

Kisha akaketi kwenye kiti cha Akiiki, kile cha dirishani,
akavua kiatu kimoja,
akasahau cha pili,
kwa sababu mashine ya nne ilikuwa inalia,
mrija umejikunja,
na mtu alikuwa ndani yake.